Kruzi wakati wa gonjwa: maswali ambayo watu wa Uganda wananiuliza kila wiki

Mimi nafanya bukingi za safari hapa Kampala, ofisi yenyewe ni meza moja na viti viwili juu ya duka la simu. Tangu korona watu wanakuja na maswali yale yale kuhusu likizo za melini, wengine wananitumia voisi noti ya dakika sita usiku wa manane, kwa hiyo nimeamua kuandika yote hapa mara moja. Kama swali lako limeshajibiwa nitakutumia hii linki na usikasirike.

## Mambo ya mwanzo

Kruzi ni nini hasa? Si ni kama ile meli ya kwenda Kalangala?

Hapana bana. MV Kalangala inakutoa Nakiwogo pale Entebbe inakufikisha Lutoboka kwa masaa matatu na kitu, unashuka, kwisha. Ile ni usafiri. Kruzi ni hoteli inayotembea: unalala humo, unakula humo, meli inaenda usiku na asubuhi unaamka uko mji mwingine, unashuka kutembea na jioni unarudi. Kubwa zinabeba watu elfu kadhaa, abiria na wafanyakazi pamoja.

Sisi nchi yetu haina bahari, kwa hiyo kruzi yako inaanzia Entebbe kwenye ndege. Hilo liweke kichwani maana ndilo linatusumbua kwenye karibu kila swali huko chini, mzungu wa Southampton kule Uingereza anatembea tu mpaka bandarini lakini wewe una masharti ya nchi unayopitia, ya nchi unayopandia meli, ya kampuni, halafu ya kila bandari.

Kwani bado kuna masharti ya korona? Si iliisha?

WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, walitangaza Mei 5, 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena, na CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walishafunga mpango wao wa korona kwa meli za kitalii tangu Julai 18, 2022. Kwa hiyo ndiyo, kampuni nyingi leo hazikuulizi chanjo ya korona wala kipimo.

Lakini kitu kimoja watu hawakielewi. Mkataba unaosaini ukinunua tiketi unaipa kampuni haki ya kukupima, kukutenga na kukushusha kama kuna ugonjwa, na hiyo haki haikwisha na korona. Na gonjwa jipya halipigi hodi. Mwaka 2020 WHO walitangaza dharura Januari 30, katikati ya Machi meli za Marekani zote zikasimamishwa. Wiki sita tu hizo, na wewe kruzi umeilipia miezi minane kabla.

Mbona meli inaogopwa kuliko ndege?

Kwa sababu kwenye ndege unakaa masaa, melini unakaa siku kumi na watu wale wale, mnakula pamoja, mnacheza pamoja, lifti moja, na wafanyakazi wanalala wawili watatu kwenye chumba kidogo huko chini.

Meli ya Diamond Princess ndiyo ilifundisha dunia. Abiria mmoja alishuka Hong Kong Januari 25, 2020, baadaye akakutwa na korona. Meli ikafika Yokohama Japani, ikawekwa karantini kuanzia Februari 5. Ndani walikuwa watu 3,711, na mwishoni 712 walikutwa na virusi. Abiria walifungiwa vyumbani sawa, lakini wafanyakazi waliendelea kupika na kugawa chakula na kurudi kulala kwenye vile vyumba vyao vya kubanana. Karantini ya upande mmoja, sasa hiyo ni karantini gani?

Sydney wao walikosea upande wa pili: Machi 19, 2020 waliwaachia abiria karibu 2,700 wa Ruby Princess washuke waende zao kabla majibu ya vipimo hayajatoka, na ugonjwa ukasambaa nao. Kwa hiyo ukiona masharti ya leo ni makali kidogo mtu akikohoa, yametokea hapo.

## Makaratasi

Niandae karatasi gani kabla sijalipa hata shilingi?

Pasipoti yenye zaidi ya miezi sita mbele, viza (ina swali lake chini), kadi ya njano (cheti cha chanjo ya homa ya manjano), cheti cha chanjo ya korona kama ulichanja, na bima. Piga picha zote, weka kwenye simu, halafu printi pia. Mimi najua printi inaonekana ni mambo ya kizamani lakini nimeshuhudia mteja simu imezima chaji kwenye foleni ya bandarini jua la saa saba, na yule dada wa kaunta anamwangalia tu.

Kitu kingine, chukua ratiba ya meli uandike kila bandari kwenye karatasi, kila moja na masharti yake pembeni. Si ya kampuni peke yake. Kampuni inaweza kukukubali na bandari ya siku ya tano ikakukataa, na ukikataliwa na bandari moja kampuni inaweza kukunyima kupanda kabisa tangu siku ya kwanza. Hili ndilo naliimba kila siku kwenye hii ofisi.

Kadi ya njano inahusiana nini na meli za Ulaya?

Inahusiana sana, na ndiyo inawaangusha watu wetu kuliko korona. Uganda iko kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, kwa hiyo nchi nyingi zikiona unatoka kwetu zinadai cheti. Watu wanasema Ulaya hawaulizi, na nchi nyingi za Ulaya kweli haziulizi, lakini meli za Mediterania zinapenda kusimama Valletta, mji mkuu wa Malta, na Malta wanadai. Misri pia wanadai. Ushelisheli pia.

Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchomwa siku mbili kabla ya ndege. Ukishachomwa ni ya maisha, tangu Julai 2016 hakuna tena mambo ya kurudia kila miaka 10, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa mwaka wa kuisha. Afisa akibisha mwambie kwa upole. Na hizi kadi za kununua mtaani bila sindano, mimi mteja akinionyesha hiyo sifanyi bukingi, basi.

Nilichanjwa AstraZeneca ya 2021, ile ya mwanzo. Inakubalika?

Leo mara nyingi hata huulizwi. Lakini historia yake uijue, maana inaweza kujirudia na chanjo nyingine. Ile shehena ya kwanza iliyofika Entebbe Machi 2021, dozi 864,000, ilitengenezwa India na jina lake ni Covishield. WHO waliikubali. Ila Julai 2021 cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya kilipoanza, orodha yao ilikuwa na AstraZeneca iliyotengenezwa Ulaya, Covishield haimo, dawa ni ile ile kiwanda tofauti. Nchi moja moja zikaanza kuikubali kwa hiari yake, kwa hiyo ungeweza kukubaliwa bandari hii na kusumbuliwa bandari ile, safari moja, meli moja.

Na waliochanganya, dozi moja AstraZeneca ya pili Pfizer, mwanzoni kulikuwa na kampuni zinawaona kama hawajamaliza chanjo. Gonjwa likija tena usiangalie tu kama umechanjwa, angalia jina la chanjo na orodha ya nani inatumika.

Niombe viza ya aina gani?

Kama meli inaanzia Ulaya ya Schengen, zile nchi zinazotumia viza moja, omba ya kuingia mara nyingi. Meli ikitoka Italia ikaenda Tunisia au Uturuki halafu ikarudi Ugiriki, wewe umetoka Schengen na unaingia upya, viza ya kuingia mara moja imeshakufa pale. Ratiba ya meli iambatanishe kwenye maombi yako wakuelewe. Uingereza ni viza yake mbali, Marekani mbali.

Wanaotaka kitu rahisi wanauliza Mombasa. Kweli Kenya hatuhitaji viza, na Ushelisheli nao hawatudai viza, lakini meli nyingi kubwa zinazofika Mombasa zinapita tu, abiria wao wamepandia mbali. Ukibahatika kupata inayopandisha watu hapo, ichukue, utakuwa umeokoa hela ya ndege na maumivu ya kichwa.

Kipimo nikifanye lini?

Kama kinadaiwa, soma kwa makini masaa yanahesabiwa kuanzia wapi. Masharti yanaweza kusema masaa 72 kabla ya kupanda MELI, na wewe unapanda ndege Entebbe usiku wa Alhamisi, unabadilisha ndege Doha au Istanbul, unafika Ijumaa, unalala hoteli, meli ni Jumamosi jioni. Ukipima Jumatano asubuhi wewe mwenyewe piga hesabu, kimeshaisha ukifika kwa kaunta. Ndiyo maana nawaambia wateja wafike mji wa meli siku mbili kabla wapime kule kule, hata kama ni ghali.

Na kurudi pia usisahau. Tangu mwishoni mwa Oktoba 2021 kila aliyetua Entebbe alipimwa tena kwa dola 30, sharti hilo likaondolewa Februari 2022. Watu walikuwa wamemaliza hela zote melini wanafika nyumbani wanaanza kupigia ndugu simu walete dola.

## Pesa na bima

Gonjwa likianza kabla ya safari, narudishiwa hela?

Kampuni ikifuta yenyewe, ndiyo, lakini watajaribu kwanza kukupa vocha. Mwaka 2020 kampuni kubwa zilikuwa zinatoa vocha ya asilimia 125 ya ulicholipa badala ya kurudisha pesa, na watu walifurahi, eti faida. Sasa kwa mtu wa Kampala vocha ni nini? Ni lazima uende tena, upate viza tena, ununue ndege tena. Kama viza ilikuchukua miezi minne na uliomba mara mbili, chukua pesa zako.

Ukifuta wewe kwa sababu umeogopa, hiyo ni hasara yako, isipokuwa ulinunua bima ya kufuta kwa sababu yoyote. Na tiketi ya ndege ni mkataba mwingine kabisa, meli ikifutwa ndege haijali.

Bima ile ya viza ya Schengen si inatosha?

Haitoshi. Ile inadaiwa iwe angalau yuro 30,000 za matibabu na watu wananunua ya bei ya chini kabisa ili ubalozi uridhike tu. Uliza mambo manne na yajibiwe kwa maandishi: je inalipa matibabu ndani ya meli yenyewe na si nchi kavu tu, je inalipa helikopta ya kukutoa baharini, je inalipa hoteli na ndege mpya ukiwekwa karantini, na je magonjwa ya mlipuko yametolewa kwenye orodha. Kuna bima zinasema kama ugonjwa ulishatangazwa kabla hujanunua basi hawalipi kwa sababu ulijua. Kwa hiyo bima inunuliwe siku ile ile unayolipa deposti, si wiki ya mwisho.

Mobaili mani inafanya kazi melini?

Hapana. Kila kitu kinaingia kwenye kadi ya chumba ambayo imeungwa na kadi yako ya benki. Wanazuia kiasi fulani kwenye akaunti tangu siku ya kwanza kwa hiyo usiende na kadi yenye hela za kuhesabu. Na waambie benki yako unasafiri, la sivyo wataifunga ukiwa katikati ya bahari.

## Ukiwa ndani

Masharti ya gonjwa melini yanaonekanaje kwa macho?

Kipindi cha 2021 na 2022 ilikuwa barakoa ndani, bafe haujipakulii mwenyewe, unaonyesha kwa kidole anakupakulia kijana mwenye glavu. Zile drili za usalama ambapo watu wote walikuwa wanarundikwa sehemu moja zikahamia kwenye simu, unaangalia video halafu unaenda kujionyesha kituoni kwako dakika mbili. Hii drili ya simu kampuni nyingi zimebaki nayo, na kwa kweli ni afadhali.

Kushuka bandarini ndiko kulikouma. Kuna kipindi Mediterania ulikuwa unashuka na kundi la kampuni tu, ukitoroka kwenye kundi kwenda kununua viatu hurudi ndani ya meli.

Nikikutwa na ugonjwa nikiwa melini inakuwaje?

Hii naijua kwa mwili wangu. Aprili 2022 nilimpeleka shangazi yangu, nesi mstaafu, kruzi ya siku saba kutoka Genoa, Italia. Ilikuwa zawadi yake ya kustaafu ambayo korona iliahirisha. Siku ya nne asubuhi akasema koo linawasha, mimi nikasema ni eyakondisheni, yeye akaniangalia vile manesi wanavyoangalia watu, akapiga simu kliniki mwenyewe. Wakaja wawili wamevaa yale magauni ya plastiki, kijiti puani, robo saa, mistari miwili.

Basi. Wakamhamisha kwenye kabini nyingine, deki ya chini, korido imetengwa na pazia la plastiki lenye zipu. Mimi nikapimwa sina, nikaambiwa nibaki chumbani mpaka wanipime tena kesho. Tulikuwa tunaongea kwa simu ya chumba. Chakula kinaletwa kwenye maboksi, kinawekwa chini mlangoni, wanagonga mara mbili na kukimbia, ukifungua unakuta korido tupu na boksi la tambi. Shangazi aliomba chai ya tangawizi, wakamletea maji ya uvuguvugu na kifuko cha chai kavu, akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, hii korona nitapona, lakini hii chai itaniua." Mpaka leo kwenye harusi za ukoo anasimulia hiyo.

Chumba cha kutengwa hawakututoza. Kliniki ilitutoza kila kitu, na lazima ulipe kwanza halafu ufukuzane na bima yako. Nilidai risiti yenye muhuri na jina la ugonjwa limeandikwa, bila hiyo bima wasingelipa, na hata hivyo walikaa miezi mitano. Meli ilipofika mwisho wa safari shangazi bado alikuwa na mistari miwili, kampuni ikampeleka hoteli ya kutengwa na mimi nikabadilisha ndege mbili kwa hela yangu.

Kwa hiyo ukiulizwa una dalili, sema kweli. Ukificha wakagundua wanaweza kukushusha bandari inayofuata kwa gharama yako.

Nichukue kabini gani?

Yenye balkoni kama mfuko unaruhusu. Abiria wa Diamond Princess waliokuwa kwenye vyumba vya ndani visivyo na dirisha walikuwa wanatolewa nje muda mfupi tu kupata hewa kwa wiki mbili. Ila ujue kwamba ukiugua unaweza kuhamishwa kwenda chumba chochote, kama shangazi, kwa hiyo balkoni inamsaidia zaidi ambaye hajaugua.

Sanitaiza inatosha?

Kwa korona inasaidia. Lakini ugonjwa unaosumbua meli mwaka baada ya mwaka ni norovirusi, ya kutapika na kuhara, na huyo sanitaiza hamuwezi vizuri, anataka sabuni na maji. CDC wanaitangaza meli hadharani kama asilimia 3 au zaidi ya abiria au wafanyakazi wameripoti kuumwa tumbo hivyo. Nawa kabla ya bafe, si baada.

## Mambo magumu kidogo

Bandari ikiikataa meli yetu?

Ilitokea. Westerdam ilikataliwa na bandari kadhaa za Asia Februari 2020 mpaka Kambodia wakaipokea Sihanoukville, Februari 13. Zaandam iliondoka Buenos Aires Machi 7, 2020, Chile wakawakatalia abiria kushuka, watu wakaanza kuugua, ikapanda mpaka Mfereji wa Panama, watu wanne walikufa humo, ikapokelewa Fort Lauderdale kule Florida, Marekani, Aprili 2. Abiria waliotarajia kushuka Chile walishukia Florida!

Sasa wewe wa pasipoti ya Uganda ukishukia nchi ambayo huna viza yake, usibishane na uhamiaji, jambo hilo linashughulikiwa na wakala wa kampuni pale bandarini, wewe dai jina lake na namba yake kwa maandishi. Weka namba ya ubalozi wetu wa karibu kwenye simu kabla hujaondoka. Na dawa zako beba za wiki tatu zaidi, hasa presha na kisukari.

Viza ya Schengen ikiisha nikiwa karantini?

Sheria yao ya viza inaruhusu kuongezewa muda bure kama umezuiwa na jambo lisiloepukika, na kutengwa kwa amri ya afya ni jambo hilo. Lakini haiongezeki yenyewe, omba kabla haijaisha, na chukua barua ya daktari wa meli.

Ebola ikitangazwa Uganda na mimi nimeshalipa?

Hili wenzetu wa nchi nyingine hawaulizi kabisa, ni letu. Septemba 20, 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa, Mubende ndiko ilikoanzia kuonekana, ikaisha Januari 11, 2023. Tena Januari 30, 2025 hapa hapa Kampala, ikaisha Aprili 26. Ile ya 2022 Marekani waliwaelekeza wasafiri wote waliotoka Uganda kupitia viwanja vitano tu wakapimwe joto na kuulizwa.

Fomu ya afya ya meli ndiyo inaweza kukuuliza ulikuwa wapi siku 21 zilizopita, kwa sababu ndio muda mrefu zaidi wa Ebola kujificha mwilini. Jibu kweli. Kabla hujapanda ndege waandikie kampuni, wakuambie kwa barua pepe kama wanakupokea, uiprinti. Simu haina ushahidi. Kama wanakataa, waombe wakubadilishie tarehe bila faini, na usifute wewe (rudi swali la vocha uone kwa nini).

Mjamzito anaruhusiwa?

Kampuni nyingi zinakataa ukifika wiki ya 24 wakati wowote wa safari, si siku ya kupanda tu. Gonjwa au hakuna gonjwa.

Kijana wangu amepata kazi kwenye kruzi, gonjwa likija wanamrudisha nyumbani?

Mwache aulize hilo kabla ya kusaini. Aprili 2020 CDC walihesabu karibu wafanyakazi 80,000 kwenye meli zilizokuwa karibu na pwani za Marekani, abiria wameshashuka, wao wamebaki, wengine kwa miezi, maana ndege hakuna na nchi zao zimefunga. Sisi Entebbe ilifungwa kwa abiria Machi 22 na kufunguliwa Oktoba 1 mwaka huo. Mkataba useme nani analipa tiketi ya kurudi, na kama mshahara unaendelea meli ikisimama. Ajenti anayedai milioni kadhaa taslimu na hataki kukuonyesha mkataba wenyewe kabla ya kulipa, hata jina la meli anasema utalijua ukifika, huyo mlete hapa kwenye meza yangu nimuulize maswali mawili.